Swidi ya Karibu na Bomba

Nyumba ile iliamshwa na cherehani kila asubuhi. Mshonaji aliketi dirishani mapema, akashona sare za shule. Mguu wake ukikanyaga, sindano ilikimbia, na watu wa nyumbani wakajua kwamba chai iko tayari.

Wa kwanza kuifuata chai alikuwa baba mkwe wake. Mzee huyo alipaka rangi nyumba za watu mpaka magoti yake yakakataa ngazi. Watu walimwita Mzee Brashi, na aliacha kazi lakini jina halikumwacha. Alichukua kikombe chake, akatoka nyuma ya nyumba, akaketi kwenye kiti chake kando ya bustani.

"Mkwe!" aliita kupitia dirishani. "Hizi swidi zako zinakua au zinasali?"

"Zinakua, baba."

"Mbona zimeinamisha vichwa?"

"Zinakusalimia."

Mzee alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka sana tangu mke wake afariki. Wala hakuwa mtu wa kula. Sahani yake ilirudi jikoni ikiwa nusu. Lakini jambo moja alilisema mara kwa mara.

"Nitakula swidi za mama yenu zikikomaa. Hizo nitazimaliza."

Swidi ni mboga ya mzizi, jamaa ya kabichi. Ni ya mviringo kama mpira mdogo. Juu ina rangi ya zambarau, chini ni manjano, na ndani ni njano iliyokolea. Hupenda mahali pa baridi. Ukiichemsha na kuiponda kwa chumvi na siagi kidogo, inakuwa laini, na hata asiye na meno anakula. Mke wa Mzee Brashi aliipanda maisha yake yote. Kila mara aliacha chache ardhini zitoe maua na mbegu. Mbegu alizihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kigumu. Swidi zake zilikuwa tamu kuliko za dukani, na majirani walijua.

Alipougua, alimwita Mshonaji akampa kopo lile.

"Shika wewe," alisema. "Binti yangu anaishi ghorofani, hana udongo. Wewe unao."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia. Alivuta tu chepeo yake pana mpaka ikafunika macho.

Binti huyo alikuwa afisa kilimo. Jua liwake lisiwake, alivaa ile chepeo, na watu wakamwita Mama Chepeo. Wakulima wa kila upande walimwuliza maswali naye aliwajibu bila kuchoka. Mtu mmoja tu hakumwuliza kitu: Mshonaji, wifi yake. Aliogopa kuambiwa, "Kumbe hujui? Si wewe uliyepewa kopo?" Basi akajiambia moyoni kwamba mbegu ni mbegu. Unaifukia, inaota. Kuna siri gani?

Siku ya kupanda alikuwa peke yake nyumbani. Mzee alikuwa kwa kinyozi. Mume wake, Fundi Bomba, alikuwa kazini, akizibua sinki la watu. Mshonaji alilima tuta lililokuwa na kabichi msimu uliopita. Kabichi zile hazikufanya vizuri, lakini yeye alilaumu jua.

Kifuniko cha kopo kiligoma. Alikivuta kwa nguvu, kikaruka ghafla, na mbegu chache zikamwagika karibu na bomba la uani. Zilikuwa ndogo, nyeusi, za mviringo. Alijaribu kuziokota akashindwa.

Kisha akaangalia ndani ya kopo. Abakize? Alifikiri kidogo. "Mama hakunipa nizifungie," alisema. "Amenipa nizipande." Akamimina zote kwenye mifereji ya tuta lile moja, akafukia. Kopo likabaki tupu. Alilifunika vizuri, akalirudisha juu ya kabati, mahali pake pa siku zote.

Tuta la pili alipanda spinachi yenye mashina mapana, ile ambayo sokoni huitwa spinachi tu. Pakiti aliichagua dukani kwa sababu ya picha. Ilikuwa na mashina mekundu yaliyong'aa kama hariri, na mshonaji hapiti mbele ya rangi nzuri bila kusimama.

Mbegu ziliota zote. Tuta la swidi likawa kama zulia. Fundi Bomba aliporudi kutoka kazini alisimama mbele yake, bado ameshika spana.

"Mke wangu, hizi zimebanana kama watu kwenye foleni ya maji. Hazitapumua. Ng'oa nyingine."

"Nitang'oa."

Alichuchumaa, akashika mche mmoja kwa vidole viwili. Ulikuwa na majani mawili tu, mfano wa moyo. Alikumbuka mikono ya mama mkwe ikiokota mbegu hizi moja moja, na uzi mwekundu aliofunga kwenye kidole chake kilichokuwa kikiuma. Akauachia ule mche. Akashika mwingine, akauachia pia.

"Mbona huvuti?" aliuliza mume wake.

"Nitang'oaje kitu cha mama?"

Fundi Bomba alikuna kichwa. Naye alikuwa amempoteza mama. Akaingia ndani na spana yake.

Wiki zilipita. Sasa yalikuja yale ambayo Mzee Brashi aliyaita sala. Mchana, majani ya swidi yalilala. Jioni yalisimama. Baadaye hayakusimama tena hata asubuhi, yakaanza kuwa ya njano. Mshonaji aliongeza maji, na bado yalilala. Spinachi nyekundu nayo ilishangaza. Badala ya kunenepesha majani, ilipeleka shina juu, refu na jembamba, likatoa vichipukizi vya maua. Majani yakawa madogo na machungu.

Siku moja Mzee alisinzia kwenye kiti. Mshonaji akang'oa swidi moja polepole, aone. Mzizi haukuwa mviringo. Ulikuwa umevimba vinundu vinundu, umepinda kama vidole vya mgonjwa. Akang'oa wa pili. Wa tatu. Yote ilikuwa vile vile. Akairudisha ardhini, akasukuma udongo kwa mguu, akageuka kumtazama mzee. Mzee alikuwa bado amelala, na mdomo wake ulikuwa kama unatabasamu.

Hakumwambia mtu.

Mama Chepeo alikuja mwisho wa juma kumwona baba yake. Alipita moja kwa moja uani.

"Hodi kwa wenye kopo!"

"Karibu, wifi," alisema Mshonaji. "Karibu ndani, chai iko tayari."

"Chai itaningoja. Miguu yangu imeshafika bustanini." Aliinama, akagusa jani, akalivuta kidogo. Kisha akapiga goti na kung'oa mche mzima. Akaugeuza huku na huku. Utani ulimtoka usoni.

"Wifi. Hapa palikuwa na nini kabla?"

"Kabichi."

"Mizizi yake ilikuwaje?"

"Sikuangalia. Nilitupa."

Mama Chepeo alikaa chini pale pale, na sketi yake nzuri. "Huu ni ugonjwa wa uvimbe wa mizizi. Unakaa ndani ya udongo kwa miaka mingi. Ulizishika kabichi, ukabaki unangoja. Swidi ni ndugu wa kabichi. Ukampeleka ndugu kwenye kitanda cha mgonjwa."

"Sikujua."

"Na umezibananisha. Hata pasingekuwa na ugonjwa, hizi zingetoa mizizi kama penseli. Kila swidi inataka shibiri moja pande zote. Kwa nini hukupunguza miche?"

Mshonaji alifuta macho kwa pindo la kanga. "Nilisikia kama namng'oa mama," alisema.

Mama Chepeo alivuta chepeo yake ikafunika macho, kama siku ile mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini, "Ungeniuliza, wifi."

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekuonyesha." Akapangusa magoti. "Haya. Maji yaliyomwagika hatuyalilii. Lete kopo, tutapanda mbegu zilizobaki mahali pengine."

Mshonaji aliangalia chini.

"Wifi?"

"Hazikubaki."

"Hata chache?"

"Nilipanda zote."

Kilisikika kitu kimoja tu: tone, tone, tone, la bomba la uani. Nyumba ya fundi wa mabomba, na bomba lake linavuja. Mama Chepeo aligeukia sauti ile, pengine apate tu kuangalia kitu kingine. Akasimama ghafla.

"Na ile ni nini?"

Pembeni ya bomba, mahali ambapo Mshonaji alizoea kumwaga majivu ya jikoni, palikuwa na mmea mmoja. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani chenye samawati. Bega la zambarau lilikuwa limejitokeza juu ya udongo, kubwa kama ngumi ya mwanamume.

"Nilimwaga mbegu kidogo nilipofungua kopo," alisema Mshonaji. "Nikadhani ndege wamezila zote. Huu nilidhani ni gugu."

Mama Chepeo alicheka na kulia pamoja. "Tazama! Huyu hakupandwa na mtu. Udongo safi, haukuwahi kuwa na kabichi. Majivu, ambayo ugonjwa ule hauyapendi. Nafasi yote ni yake. Na maji kidogo kidogo kila siku, kwa hisani ya kaka yangu mvivu. Yote ambayo swidi inataka, imeyapata kwa bahati."

"Kwa hiyo mbegu ya mama ipo?"

"Ipo moja. Sikiliza vizuri. Usiing'oe. Swidi haitoi mbegu msimu wa kwanza. Huweka chakula kwenye mzizi, hupitiwa na baridi, kisha hutoa maua msimu unaofuata. Mmea mmoja wa swidi unaweza kujizalia mbegu. Ni afadhali iwepo mingi, lakini huu mmoja utatujaza kopo. Uache tu. Na uwaambie baba na kaka leo hii, wasije wakaugusa."

"Nitawaambia."

"Leo, wifi. Waambie pia kwamba kopo ni tupu. Mficha uchi hazai."

"Nitawaambia."

Jioni ile Mzee Brashi alikuwa na furaha kwa kuwa binti yake alikuja. Alizungumza habari za mkewe, jinsi alivyompiga kwa taulo alipochovya kidole kwenye sufuria ya swidi. Mshonaji alifungua mdomo mara mbili. Kila mara aliona uso wa mzee, akaufunga. Kesho, alijiambia. Kesho yake Fundi Bomba alitoka mapema. Kisha sare za shule zikakaribia tarehe yake. Kesho ikazaa kesho.

Siku ya kupeleka sare shuleni, Mshonaji alibeba mzigo wake asubuhi na kurudi alasiri. Alipofungua mlango alisikia harufu ya siagi. Kisha akasikia kicheko. Mzee Brashi alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha zamani.

Aliingia jikoni. Mzee alikuwa mezani, na mbele yake kulikuwa na bakuli la kitu cha njano, laini, kinachofuka moshi. Kijiko kilikwenda na kurudi. Fundi Bomba alisimama kando ya jiko, amevaa aproni ya mkewe, amejaa fahari.

"Umefika!" alisema. "Nilitaka kukushangaza. Nimeona zile za tutani zimeharibika, na najua umekuwa na huzuni. Halafu nikaiona hii karibu na bomba. Kubwa! Nikasema, baba ale leo. Kopo la mama si lipo? Tutapanda nyingine."

Mshonaji aliketi bila kuvuta kiti vizuri, nusura aanguke.

"Ni yenyewe, mkwe," alisema Mzee Brashi. Macho yake yalikuwa na maji. "Utamu ule ule. Nimekula, nikamwona amesimama pale, na taulo lake. Chukua kijiko, onja."

Angeweza kunyamaza. Alitamani kunyamaza. Lakini alikuwa amekwisha kunyamaza mara nyingi, na matokeo yake yalikuwa ndani ya bakuli.

"Baba," alisema, "kopo ni tupu. Nilipanda zote, zikafa zote. Hii ilikuwa ya mwisho. Wifi alisema tuiache itoe mbegu. Sikuwaambia."

Kijiko kilisimama hewani.

"Ya mwisho?" aliuliza Fundi Bomba. "Ya mwisho kabisa? Mbona hukusema, mke wangu? Neno moja tu!"

"Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kusema."

Fundi Bomba alimpigia dada yake simu pale pale, akamweleza. Aliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Kichwa chake kiko wapi?" Mama Chepeo aliuliza upesi. "Ile sehemu ya juu, yenye mwanzo wa majani! Ikiwa na kipande cha mzizi tunaweza kuijaribu. Tutaifukia, huenda ikachipua na kutoa maua."

Fundi Bomba aliziba macho kwa kiganja. "Nilikata majani na kichwa pamoja. Nimewapelekea sungura wa jirani."

"Kimbia!"

Alikimbia, na aproni yake. Mshonaji alimfuata. Banda lilikuwa kimya. Sungura watatu walikaa pembeni wakitafuna, na sakafuni hapakuwa na kitu ila bua moja la jani.

Waliporudi, Mzee Brashi alikuwa bado mezani. Bakuli lilikuwa nusu. Alilisukuma katikati ya meza.

"Kaeni," alisema. "Tule wote. Nimepewa peke yangu kitu ambacho kilikuwa chetu sote. Kaeni mkijue kilivyokuwa."

Walikula polepole, kijiko kimoja kimoja. Ilikuwa tamu kweli.

Msimu ulipokaribia tena, Mama Chepeo alimpitia Mshonaji asubuhi. Hapakuwa na hodi ya mafumbo. Alisema tu, "Wifi, vaa viatu, twende dukani."

Katika duka la mbegu, macho ya Mshonaji yalikwenda kwenye picha. Mama Chepeo akacheka, akageuza pakiti nyuma.

"Picha ni kwa ajili ya ukuta. Mkulima anasoma mgongo wa pakiti. Tazama kwanza tarehe. Mbegu iliyozeeka inaota kwa shida. Kisha tazama aina inavumilia nini. Hii ya swidi imeandikwa kwamba inastahimili uvimbe wa mizizi. Haimaanishi haiugui kabisa, ila inapambana. Ile nyingine ina mzizi mkubwa zaidi, lakini haina kinga hiyo. Kwa bustani yako ungechukua ipi?"

"Hii inayostahimili."

"Na hii iliyoandikwa chotara?"

"Chotara si nzuri?"

"Ni nzuri kwa kula. Lakini ukitunza mbegu zake, watoto hawatafanana na mama. Sisi tunataka ya kutunza."

Mshonaji aliiweka pakiti ya chotara mahali pake. Kwenye spinachi, mkono wake ulitangulia kuelekea mashina mekundu, kisha ukarudi.

"Ile nyekundu ilitoa maua kabla ya kunenepesha majani," alisema. "Nilikosea nini?"

"Hukukosea sana. Aina nyingi nyekundu zina haraka. Zikipigwa na baridi zingali changa, hudhani msimu umekwisha na kukimbilia maua. Ile nyekundu panda baridi ikipungua. Kwa sasa chukua hii ya shina jeupe. Haina urembo, lakini ina subira."

"Kama mume wangu," alisema Mshonaji.

"Kaka yangu ana subira? Bomba limevuja mwaka mzima!"

Walicheka mpaka muuza duka akawachungulia.

Nyumbani, hawakupanda mara moja. Walichukua mbegu chache za swidi, wakazifunga katika kitambaa chenye unyevu na kukiweka jikoni. Zilipoota karibu zote, walijua kwamba pakiti ni nzima. Nusu ya pakiti Mshonaji aliimimina ndani ya kopo kavu, akafunika.

Swidi walizipa upande wa bomba, kwenye udongo ambao haukuwahi kubeba kabichi wala ndugu zake. Fundi Bomba alileta chokaa ya kilimo, wakaichanganya na udongo. Walipanda mbegu moja kwa moja mahali pa kukulia, kina cha nusu kidole, kwa sababu swidi ikihamishwa vibaya mzizi wake hugawanyika.

"Na tuta lile la ugonjwa?" aliuliza Mshonaji. "Tuliache?"

"Tupande spinachi. Ukoo wake ni wa bitiruti, si wa kabichi. Ugonjwa ule haumjui. Ila usitumie jembe lile lile kwa swidi kabla ya kuliosha. Udongo unaoshika kwenye jembe unabeba ugonjwa."

Mbegu za spinachi waliziloweka usiku kucha. Zilikuwa kubwa, zenye mikunjo.

"Punje moja hii," alisema Mama Chepeo, "ni nyumba ya wapangaji. Ndani yake kuna mbegu mbili, tatu. Zikiota pamoja, bakiza mpangaji mmoja. Wengine uwale kama mboga, wachanga ni watamu."

Miche ya swidi iliota. Siku ya kupunguza, Mama Chepeo alisimama mbali kidogo. Mshonaji alichuchumaa. Alishika mche mmoja kwa vidole viwili. Mkono wake ulitulia pale.

"Mama alikuwa anang'oa?" aliuliza.

"Kila msimu. Bila huruma, huku akiimba. Alisema anayebaki anakula kwa ajili ya wote."

Mshonaji alivuta. Mche ulitoka kirahisi, kama uzi kutoka kwenye nguo. Akavuta mwingine. Machozi yalidondoka kidogo, lakini mkono haukusimama. Alipomaliza, kati ya mche na mche palikuwa na shibiri moja ya udongo mtupu. Tuta lilionekana maskini.

Halikubaki maskini. Majani yalipanuka, yakafunika udongo. Mshonaji alimwagilia kidogo kidogo kila siku, maana swidi ikikaushwa halafu ikafurikishwa hupasuka. Fundi Bomba, kwa aibu, alitengeneza bomba. Spinachi nyeupe zilinenepa. Mshonaji alichuma majani ya nje tu na kuacha moyo wa katikati, na moyo ule ukaendelea kutoa mengine. Walikula mboga msimu mzima kutoka kwenye tuta ambalo walidhani limekufa.

Baridi ilipokaza, waling'oa swidi ya kwanza. Ilikuwa nzima, mviringo, zambarau juu na manjano chini. Wote wanne waliketi mezani. Mshonaji aliipika mwenyewe, akaweka bakuli mbele ya Mzee Brashi.

Mzee alionja. Alifumba macho. Walisubiri.

"Siyo yake," alisema.

Mshonaji aliinamisha kichwa. "Najua, baba."

"Yake ilikuwa na kitu kingine mwishoni, ukishameza. Hii haina." Akachota tena, akala. Akachota tena. "Lakini ni tamu. Niongeze."

Alimaliza bakuli lote.

Baada ya chakula Mshonaji alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu, hata wakiwa wa nyumbani. Alishika kopo kwa mikono miwili.

"Nataka wote msikie," alisema. "Humu mna nusu ya mbegu. Na swidi sita za upande wa ukuta haziliwi. Nimezifunga uzi mwekundu. Zinangoja kutoa maua."

"Nimesikia," alisema Fundi Bomba. "Hata sungura nitawaambia."

Mama Chepeo alichukua kopo, akalifungua na kunusa. Chepeo yake ilikuwa magotini. Harufu ya zamani ilikuwa haimo tena. Alifunika, akalirudisha mikononi mwa wifi yake.

Tangu siku hiyo, jirani akipita bustanini, Mzee Brashi huinua fimbo yake kabla hata ya kujibu salamu.

"Pita huku, pita huku," husema. "Zile zenye uzi haziguswi. Tulishakula moja."